Shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu, na mwanangu bado analala saa 9 usiku

*"Daktari, habari za kazi. Idara ya elimu ya wilaya yetu imewaandikia wazazi kwamba shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu, na mwaka huu kengele ya sekondari itapigwa saa 1:30 asubuhi, mapema kuliko mwaka jana, ili mabasi yaweze kwenda mizunguko miwili. Kwetu basi litapita saa 12:45. Kijana wangu ana miaka 15. Likizo hii yote analala saa 9 usiku na kuamka saa 5 asubuhi. Baba yake anasema ni uvivu na simu. Wiki iliyopita tulimnyang'anya simu tukamzimia taa saa 3 usiku, akakaa gizani macho makavu mpaka saa 8. Mdogo wake wa miaka 8 akiweka kichwa tu kwenye mto amesinzia. Jirani mmoja kanishauri nimpe dawa ya mafua imlevye. Mwingine anasema usiku wa kuamkia shule nimkeshe kabisa, kesho yake atalala mapema mwenyewe. Nifanye nini? Na je, ana ugonjwa?"*

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale: kijana yuko kitandani gizani kuanzia saa 3 mpaka saa 8 usiku, macho makavu. Ni muda wa saa tano nzima. Mtoto mvivu hakai gizani muda wote huo bila simu akingoja usingizi. Huyo alikuwa anajaribu, na ningependa baba yake alijue hilo kabla ya mengine yote.

Unaniuliza kama ataweza kuamka shule zikifunguliwa, na kama ana ugonjwa. Kwa uliyonieleza, sioni ugonjwa. Nitakuambia mwishoni ni dalili gani zingenifanya nibadili kauli. Na wiki tatu zinatosha. Zinatosha kwa kubana, lakini zinatosha. Kinachowashinda ni kwamba kazi mmeishika kwa upande usio na mpini. Mnapigana na saa ya kulala, na usingizi hauji kwa amri. Saa ya kuamka ndiyo mnayoweza kuishika. Ikishasogea hiyo, usiku unaifuata.

Usingizi unaletwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni njaa ya usingizi. Tangu mtu anapofumbua macho asubuhi, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo kidogo kidogo, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Akilala, inapungua. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, na hapa sisemi kwa mafumbo. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho mawili inapokutana, kuna kifundo cha seli kama 20,000 ambazo kazi yake ni kuhesabu siku. Siku ambayo seli hizo zinaihesabu haiishii kwenye saa 24 kamili. Kwa watu wengi inazidi kwa dakika chache. Ndiyo maana saa hii isiporekebishwa kila asubuhi inateleza kuelekea kuchelewa. Mwanao hakuamua kulala saa 9 usiku. Aliteleza, dakika kumi leo, robo saa kesho, wiki baada ya wiki, kwa sababu hapakuwa na kengele wala basi la kumrudisha nyuma.

Saa hiyo ndiyo inayoamuru melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, ianze kumwagika saa mbili hivi kabla ya muda ambao mtu amezoea kulala. Kwa mwanao sasa hivi hiyo ni kama saa 7 usiku. Na kabla tu ya melatonini kuanza kuna kipindi ambacho wengi hawakijui: kwa saa mbili tatu, saa ya mwili inamshikilia mtu macho kwa nguvu kuliko wakati wowote mwingine wa siku, ili kupingana na ile njaa ya usingizi iliyokwisha kujaa. Mlipomzimia taa saa 3 mlimfungia chumbani pamoja na kipindi hicho chote. Mtu mzima aliyezoea kulala saa 4 usiku, umwambie leo alale saa 10 jioni, naye atahesabu mbao za dari. Kibaya zaidi, usiku kama ule ukirudiwa, kitanda chenyewe kinageuka kuwa mahali pa kukosa usingizi, na akili inajifunza kuchangamka kila mwili unapogusa godoro. Kwa hiyo usimpeleke kitandani mapema tena mpaka hapo nitakapokuambia.

Sasa huyu mdogo wa miaka 8. Msimlinganishe naye. Balehe inaisogeza saa ya mwili kuelekea kuchelewa, kwa baadhi ya vijana hata kwa saa mbili, na wakati huohuo njaa ya usingizi inaanza kujikusanya polepole zaidi jioni. Kwa hiyo kijana wa miaka 15 anachelewa kusinzia kwa sababu mbili kwa mpigo, na mahitaji yake ya usingizi hayajapungua kihivyo: kati ya miaka 13 na 18 ni saa 8 hadi 10 kwa siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12, ila yeye saa yake bado iko mapema, hivyo anazipata bila kelele. Subiri miaka mitano, utaona huyo mdogo naye anaanza kuzurura nyumbani usiku.

Baba yake anataja simu. Ana sehemu ya ukweli, lakini si yote. Mtafiti Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani na wenzake walionyesha tangu mwaka 1993 kwamba kuchelewa huku kunakwenda sambamba na hatua za balehe. Wakati huo hakuna kijana aliyekuwa na simu ya intaneti kwenye mto wake wa kulalia. Simu inachofanya ni kuongeza. Mwanga wake ukiwa karibu na macho unachelewesha melatonini, na kilicho ndani yake, mazungumzo na michezo isiyoisha, kinampa kijana aliye macho sababu ya kuendelea kuwa macho. Kuiondoa chumbani ni vizuri. Kutegemea kwamba kuiondoa tu kutamlaza saa 3 ndiko kulikowaangusha.

Hapa sasa nakuomba usome taratibu, kwa sababu ndipo wazazi wengi hodari wanapoharibu kazi bila kujua.

Kinachoirekebisha saa ya mwili ni mwanga, na mwanga huo una tabia mbili zinazopingana. Joto la mwili hushuka usiku na kufika chini kabisa kama saa mbili kabla ya muda ambao mtu amezoea kuamka. Mwanga mkali ukimpata *baada* ya hapo, saa ya mwili inasogea mapema. Ukimpata *kabla* ya hapo, ubongo unauhesabu kuwa ni mwanga wa jioni, na saa inasogea kuchelewa zaidi. Mwanao anaamka saa 5 asubuhi, kwa hiyo kituo chake cha chini kiko karibu na saa 3 asubuhi. Ukimwamsha kesho saa 12 alfajiri ukamtoa nje kwenye jua, kwako wewe ni asubuhi, lakini kwa ubongo wake bado ni usiku wa manane. Ule mwanga utamsukuma upande usioutaka. Ndiyo maana wale wanaofoka "kuanzia kesho kila mtu saa 12" wanaishia na kijana aliyechoka mchana kutwa, ambaye usiku bado yuko macho, nao wanahitimisha kwamba kichwa chake kigumu.

Fuata hatua ndogo. Kila siku mwamshe dakika 15 mapema kuliko jana. Kesho saa 4:45, keshokutwa saa 4:30. Siku ya nne atakuwa saa 4, ya nane saa 3, ya kumi na mbili saa 2, ya kumi na sita saa 1, na siku ya ishirini saa 12 kamili. Siku ya ishirini na moja ni ya shule. Unaona jinsi hesabu ilivyobana: ukianza wiki ijayo itabidi urukie dakika 20 hadi 30 kwa siku, na hapo wengine hukwama. Anza kesho.

Akishaamka, ndani ya robo saa awe nje, kwa nusu saa. Nasema nje, si dirishani. Chumba chenye taa nzuri kina mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) 100 hadi 500. Nje asubuhi, hata mawingu yakitanda, ni maelfu, na jua likiwaka hupita 10,000. Macho yetu hayaoni tofauti hiyo kwa ukubwa wake kwa sababu mboni zinajirekebisha, lakini saa ya mwili inaiona. Si lazima afanye mazoezi. Amwagilie maua, afagie, akae kwenye ngazi na uso uliovimba usingizi bila kuongea na mtu. Kijana mmoja niliyemhudumia alikuwa akiniambia kwamba siku tano za kwanza alikaa nje amejifunika shuka kichwani, mama yake akija kila dakika chache kulivuta lile shuka kutoka machoni. Siku ya sita alisahau kutoka nalo. Usimhutubie wakati huo. Ukweli ni kwamba mzazi akiamka na kukaa naye siku za mwanzo, mpango unashika. Akipigiwa kelele kutoka chumba cha pili, unakufa siku ya tatu.

Kulala, mwache alale anaposinzia. Siku mbili tatu za mwanzo atapungukiwa usingizi kidogo, na hilo linatusaidia, maana njaa ya usingizi inapanda. Utakachoona ni kwamba saa ya kulala inaanza kurudi yenyewe, ikiwa nyuma ya ile ya kuamka kwa siku moja au mbili. Mwisho wa safari ni kulala saa 4 usiku na kuamka saa 12, saa nane kamili. Kila jioni, saa tatu kabla ya muda wa kulala wa siku hiyo, punguzeni taa za nyumba nzima. Zimeni za dari, bakizeni taa ndogo ya pembeni yenye mwanga wa manjano. Simu, zote na za kwenu pia, zilale sebuleni. Hili la "za kwenu pia" nalisisitiza, kwa sababu kijana wa miaka 15 ana jicho kali la kuona sheria inayomhusu yeye peke yake.

Mchana, usingizi wa kujiiba usizidi dakika 20 na usiwe baada ya saa 9 alasiri. Kahawa, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe kabla ya saa 6 mchana. Kafeini iliyomo inakaa kwenye vipokezi vya adenosini, yaani mahali kemikali hiyo inaponasa kwenye ubongo, na kuizuia isifanye kazi, na baada ya saa tano hivi nusu yake bado iko mwilini. Na Jumamosi ni siku kama nyingine. Hapo ndipo mipango mingi inavunjika: kijana anaamka vizuri siku tano, Jumamosi na Jumapili analala mpaka saa 4, na Jumatatu saa ya mwili imerudi nyuma kama aliyesafiri kwenda nchi ya mbali na kurudi. Mruhusu azidishe saa moja, isipite hapo, hata shule zikishafunguliwa.

Sasa ushauri wa majirani. Dawa ya mafua inayolevya, hapana. Dawa hizo humfanya mtu asinzie kama athari ya pembeni, hazigusi saa ya mwili hata kidogo, mwili unazizoea ndani ya siku chache, na asubuhi zinamwacha mzito, tena siku ambayo anatakiwa awe darasani saa 1:30. Kumkesha usiku mzima nako hapana. Ni kweli kesho yake ataanguka mapema, maana njaa ya usingizi itakuwa imejaa pomoni. Lakini saa yake itakuwa palepale ilipokuwa, na usiku wa pili au wa tatu mtakuta yuko macho tena saa 8, mkiwa mmeipoteza wiki ya kwanza ya masomo. Majirani wamekushauri kwa nia njema, nami nawaelewa: mbinu hizo zinafanya kazi usiku mmoja, na usiku mmoja ndio wanaoukumbuka.

Huenda mtu atakutajia vidonge vya melatonini. Vina nafasi yake, hasa kwa dozi ndogo inayotolewa saa kadhaa kabla ya muda wa kulala, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuiambia saa ya mwili kwamba giza limeingia. Wanaovipa watoto kama dawa ya kulaza, muda wa kitandani ukifika, wanakosa faida hiyo. Nina sababu mbili za kukuzuia usianze navyo. Kijana huyu hajajaribu mwanga wa asubuhi hata siku moja, na huo ndio wenye nguvu zaidi. Pili, mahali vinapouzwa kama virutubisho, kilichoandikwa kwenye chupa si lazima ndicho kilichomo: watafiti wa Canada walipopima bidhaa 31 mwaka 2017 walikuta nyingine zina pungufu kwa asilimia 83 ya kilichoandikwa na nyingine zinazidi kwa asilimia 478. Kama mwanga na hatua za dakika 15 vikishindwa, tuvizungumzie na daktari anayemwona mtoto ana kwa ana.

Limebaki suala la kengele yenyewe, na hapa nasema kama mtaalamu na kama mtu anayeumia. Saa 1:30 ni mapema mno kwa sekondari. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Edina, mji wa jimbo la Minnesota nchini humo, ulikwisha kusogeza sekondari yake kutoka saa 1:20 hadi saa 2:30 tangu mwaka 1996. Seattle walisogeza mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba vijana watachelewa tu kulala zaidi. Wanafunzi wa Seattle walipovalishwa vipimo vya usingizi mkononi, ikaonekana saa yao ya kwenda kulala haikubadilika sana, na wameongeza dakika 34 za usingizi kila siku ya shule. California imeliweka jambo hili kwenye sheria, ikaanza kutumika mwaka 2022.

Lakini sitakuficha kwamba kuna gharama. Mabasi ni yaleyale, madereva ni walewale, na ukisogeza sekondari lazima kundi lingine liende mzunguko wa kwanza. Michezo ya jioni inasogea, na mzazi anayeingia kazini asubuhi na mapema anabaki na mtoto mlangoni. Florida ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2023 ikaifuta mwaka 2025 kabla haijaanza kutumika, na mabasi na gharama vilikuwa katikati ya mjadala. Kwa hiyo usitegemee wilaya yenu itabadili ratiba ndani ya wiki tatu. Waandikie hata hivyo, wewe na wazazi wenzako, na msiandike malalamiko ya jumla. Waulizeni swali moja: kama mizunguko ni miwili, kwa nini mzunguko wa kwanza wapewe walio na miaka 15 badala ya watoto wa umri wa yule mdogo wako, ambao saa 12 tayari wako macho? Zipo wilaya zilizobadilishana hivyo bila kuongeza basi hata moja. Swali la usalama wa watoto wadogo kungoja basi gizani nalo ni la haki, mlitaje wenyewe kabla hawajalitaja wao.

Daktari umtafute lini? Mpeleke bila kungoja wiki tatu ziishe kama anakoroma kwa nguvu au pumzi inakatika usingizini kisha anashtuka. Vilevile kama miguu inamsumbua usiku kiasi cha kutotulia mpaka aisogeze, hapo wakati mwingine upungufu wa madini ya chuma unahusika, na kipimo cha damu kinaonyesha. Kama analala saa nane au tisa za kutosha na bado anasinzia katikati ya mazungumzo, au magoti yanamlegea anapocheka, hilo ni jambo la mtaalamu wa usingizi. Na mwangalie moyo wake. Kijana ambaye ameacha vitu alivyovipenda, amejitenga na rafiki zake, anasema maneno ya kujiona hana thamani, au anaogopa shule yenyewe kiasi cha kuumwa tumbo, usimtibu kwa ratiba ya kuamka. Akitaja kufa au kujidhuru, nenda naye siku hiyohiyo.

Pia kama mmefuata hatua hizi kwa uaminifu siku kumi, mwanga wa asubuhi haukukosa, na saa ya kulala haijasogea hata nusu saa, kuna hali ambayo saa ya mwili imekwama kwenye kuchelewa. Inatibika, ila inataka mtu wa kuisimamia. Ndiyo maana nakuomba leo jioni mtafute daftari dogo liwekwe karibu na kitanda. Kila asubuhi yeye mwenyewe aandike mistari mitatu: amezima taa saa ngapi, anadhani alisinzia saa ngapi, ameamka saa ngapi. Mkihitaji kumwona daktari, mwendeeni na daftari hilo. Na mstari wa kwanza kabisa uwe wa kesho, saa 4:45.